Koneksheni za msindikaji mdogo wa vyakula: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni ya mtu anayesindika chakula kwa kiasi kidogo Tanzania, awe jikoni kwake, kwenye chumba cha uani au katika eneo la pamoja la viwanda vidogo. Mfano utakaorudi mara nyingi ni siagi ya karanga. Anayesaga unga wa lishe, anayekausha mboga au anayefungasha asali na viungo atabadilisha jina la bidhaa tu, kwa sababu watu anaowahitaji ni walewale.

Mtandao wa biashara ndogo ni watu gani hasa?

Ni watu wanaoweza kuitaja biashara yako mahali ambapo wewe haupo, wakaitaja bila wasiwasi kwa sababu walishakujaribu kwa jambo fulani, hata dogo. Namba mia tisa kwenye simu si mtandao kama hakuna hata mmoja kati ya wenye namba hizo aliyewahi kukutuma ukafanya, au kukuamini ukarejesha.

Kwa msindikaji, watu hao ni wanaokuuzia (karanga, chupa, lebo, gesi), wanaonunua kwako, wanaokusafirishia, wanaokukagua, wanaofanya kazi kama yako, na wale wanaokufungulia milango kama ofisa wa SIDO (shirika la kuhudumia viwanda vidogo), mhasibu au mkufunzi uliyesoma kwake. Wengi hukimbilia wanunuzi peke yao. Matokeo yake oda ya chupa 300 inaingia Jumatatu, na hapo ndipo inagundulika kwamba mtu wa chupa hapokei simu, karanga zilizopo sokoni zina unyevu, na hakuna msindikaji mwenzako hata mmoja wa kumwomba mashine kwa siku mbili.

Nianzie wapi kama simjui mtu?

Anzia kwenye miamala ya simu yako. Fungua taarifa ya M-Pesa, Airtel Money au Mixx by Yas ya miezi mitatu iliyopita, uandike kila uliyemlipa na kila aliyekulipa kwa jambo la biashara. Hao ni watu ambao pesa ilishapita kati yenu, na hilo lina uzito kuliko kadi ya mtu mliyepeana mikono semina.

Chukua daftari la kawaida, upige mistari ya safu tano: jina; anafanya nini; mlikutana wapi; nani alimwahidi mwenzake nini; tarehe ya kuzungumza tena. Safu ya nne ndiyo inayoachwa wazi na wengi, na ndiyo yenye kazi. Mtu akisema "nitakutumia namba ya anayechapa lebo", andika. Wewe ukisema "nitakuletea chupa ya kuonja", andika pia, na ya kwako iwe ya kwanza kutimizwa.

Halafu weka alama kwa wale mliokwishafanya biashara angalau mara mbili. Usishangae wakiwa wachache. Kila wiki zungumza na wawili kati yao, na kila mmoja umwombe akuunganishe na mtu mmoja tu, kwa jambo moja tu.

Kwa nini nikiomba kuunganishwa naambiwa "nitakuangalizia" halafu kimya?

Mara nyingi ni kwa sababu ombi ni pana mno. "Kaka, nisaidie kupata soko" halimpi mtu mahali pa kuanzia. Hajui amtafute nani wala amwambie nini. Jaribu hivi: "Kaka, unamfahamu mtu anayechapa lebo kiasi kidogo, kuanzia lebo 500, za kubandika kwenye chupa ya plastiki?" Kwa swali hilo jina linakuja kichwani palepale, au anajua hana na anakuambia.

Sababu ya pili ni woga. Anayekuunganisha anaweka jina lake rehani: ukichelewesha mzigo, aliyekutambulisha ndiye atakayelaumiwa. Mpunguzie woga huo. Mwandikie ujumbe mfupi atakaousambaza kama ulivyo, wenye bidhaa, ujazo, bei ya jumla, eneo ulipo na namba. Akishakuunganisha, mrudishie habari ndani ya siku chache, iwe biashara imefanyika au haikufanyika. Asiyerudisha habari haunganishwi mara ya pili.

Ofisi gani za umma zinafaa kufahamiana nazo mapema?

SIDO iwe ya kwanza. Shirika hili la kuhudumia viwanda vidogo lilianzishwa mwaka 1973 na lina ofisi mikoani. Mafunzo yake ya usindikaji yana faida mbili: unajifunza kazi, na unakaa siku kadhaa na watu wenye shida kama zako. Namba za wenzako wa darasani uzichukue siku ya kwanza, kwani siku ya kupewa cheti kila mtu anakimbilia gari.

TBS, shirika la viwango, ni ya pili, na hapa SIDO inarudi tena: barua ya utambulisho kutoka SIDO ndiyo inayomwingiza mjasiriamali mdogo kwenye utaratibu maalumu wa TBS wa kupata alama ya ubora. Tangu mwaka 2019 kazi za usalama wa chakula zilizokuwa chini ya TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, zilihamishiwa TBS, kwa hiyo usajili wa jengo la kusindikia nao uko huko. Usisubiri mkaguzi aje ndipo mfahamiane. Nenda ofisini kabla hujapiga rangi chumba, uchukue mchoro wa mkono unaoonyesha mlango, dirisha, sinki, stoo ya malighafi na stoo ya bidhaa zilizokamilika, umuulize ofisa mtiririko huo unakubalika au la. Kuhamisha sinki kwenye karatasi hakugharimu kitu. Kulihamisha ukutani kunagharimu fundi, mabomba na wiki nzima ya kutozalisha.

Halmashauri ina watu wawili wa kuwajua: ofisa biashara, anayeshughulika na leseni, na ofisa maendeleo ya jamii, anayesimamia vikundi. Wa pili husahaulika, wakati ndiye anayejua mikopo, mafunzo na nafasi za maonesho kabla matangazo hayajabandikwa.

Nijiunge na vyama vingapi?

Kimoja, ukifanyie kazi. TCCIA, chemba ya biashara, viwanda na kilimo iliyoanzishwa mwaka 1988, inafaa hasa anayelenga kuuza nje, kwa sababu ndiyo inayotoa vyeti vya uasili, yaani vinavyoonyesha bidhaa imetoka nchi gani. TWCC ni chama cha wanawake wafanyabiashara. Vipo pia vyama vya wasindikaji wa bidhaa moja na vikundi vya mtaa.

Kabla ya kulipa ada uliza mambo matatu: mkutano wa mwisho ulifanyika lini, ni wanachama wangapi wako kwenye biashara kama yako wilayani kwako, na mwaka uliopita chama kiliwapeleka wanachama wapi. Ukijibiwa kwa maneno ya jumla, subiri. Ukishajiunga, omba kazi: kuandika mahudhurio, kukusanya michango ya banda, kupigia watu simu. Mwenye orodha ya mahudhurio huzungumza na kila mwanachama bila kuhitaji kisingizio.

Sabasaba na Nanenane zinalipa?

Zinalipa kwa aliyejiandaa kukusanya watu. Aliyekwenda kuuza chupa tu huishia kurudisha nauli.

Sabasaba, maonesho ya biashara ya kimataifa yanayoandaliwa na TanTrade, hufanyika viwanja vya Mwalimu Nyerere barabara ya Kilwa, Dar es Salaam, kwa kawaida kuanzia Juni 28 hadi Julai 13. Nanenane hufikia kilele Agosti 8 katika viwanja vya kanda, kama Nzuguni Dodoma, John Mwakangale Mbeya na Themi Arusha. Banda la peke yako ni ghali kwa biashara changa. Ingia kupitia banda la SIDO, la halmashauri yako au la chama, na uombe nafasi miezi mitatu kabla, maana orodha hujaa mapema kuliko tangazo linavyoonyesha.

Siku za sikukuu, kama Julai 7 yenyewe, uwanja hufurika familia. Hizo ni siku za kuuza rejareja. Wenye maduka, wasambazaji na watu wa mashine huzungumzika zaidi asubuhi za siku za kazi, kabla ya saa tano. Panga watu wawili mezani: mmoja anauza na kupokea pesa, wa pili anazungumza na kuandika. Mtu mmoja akifanya yote, mwenye duka atasimama nyuma ya watoto wanne wanaoonja, ataangalia saa na kuondoka.

Kuonjesha nako kuna utaratibu. Kijiko kidogo kimoja kwenye kipande cha mkate kinatosha. Tumia vijiti vya kutupa, chupa ya kuonjea iwe na mfuniko, na maji ya kunawa yawe karibu, kwa sababu mnunuzi makini anaangalia mikono yako kuliko lebo. Mpe mwenye duka chupa nzima pale tu alipokwambia duka liko wapi na anauza ujazo gani.

Kila mtu wa maana umwandike palepale: anauza wapi, alisema nini, umtafute lini. Jioni, kabla ya kulala, soma kurasa za siku hiyo na ujaze ulichokatisha. Baada ya siku tatu sura zote zinachanganyika na "dada wa Tegeta" wanakuwa watatu.

Jambo moja hufanywa na wachache: kuzunguka mabanda ya wengine. Kila siku tenga muda wa saa moja, uende kwa wanaouza vifungashio, wanaotengeneza mashine za kukaangia na kusagia, na wasindikaji wenzako wa mikoa mingine. Wewe nawe ni mteja huko, na mteja hupokelewa vizuri.

Nijitambulishe vipi bila kuonekana namwuzia mtu kwa nguvu?

Sema jina, bidhaa, ulipo na unachotafuta, kisha uulize swali. "Ninasindika siagi ya karanga isiyo na sukari, niko Mbezi, chupa za gramu 400 na 800. Natafuta maduka mawili ya upande wa Tegeta. Wewe uko kwenye kazi gani?" Sekunde ishirini zinatosha, sehemu iliyobaki sikiliza. Kwa aliyekuzidi umri, shikamoo itangulie. Kuiruka ili uonekane mtu wa biashara kunakupotezea heshima kabla hujafika kwenye bei.

Ujumbe wa kufuatilia uandikwe vipi, na lini?

Ndani ya siku mbili, na utaje kitu alichokisema yeye. Mfano:

"Habari za jioni, dada. Tulikutana jana banda la SIDO, ukaonja siagi ya karanga isiyo na sukari. Ulisema dukani kwako zinatoka zaidi chupa za gramu 400. Bei ya jumla ni sh. 5,000 kwa chupa, kuanzia chupa 12. Alhamisi nina mzigo unakuja Tegeta. Nikuletee chupa mbili za kujaribu?"

Ujumbe huu unamkumbusha wewe ni nani, unaonyesha ulimsikiliza, una bei, na unaishia kwenye swali ambalo jibu lake ni ndiyo au hapana. "Habari, tuko pamoja?" haujibiki.

Asipojibu, rudia baada ya wiki moja kwa njia nyingine: piga simu, au pita dukani ukiwa kwenye njia yako. Mara ya tatu iwe mwezi mmoja baadaye, ukiwa na jambo jipya la kumwambia kama ujazo mpya au alama ya ubora. Baada ya hapo mwache apumzike.

WhatsApp nitumie vipi?

Pakua WhatsApp Business, ni ya bure, uweke orodha ya bidhaa yenye picha, ujazo na bei. Tumia lebo zake kutenganisha watu: maduka, malighafi, usafiri, wenzangu, ofisi.

Orodha ya kutuma kwa wengi inabeba watu hadi 256, lakini ujumbe unamfikia tu aliyehifadhi namba yako. Hapa ndipo watu hulalamika kwamba wametuma kwa mia mbili na wakajibiwa na saba. Kwa hiyo mkipeana namba, mwombe aihifadhi mbele yako, kwa jina atakalolikumbuka kama "Siagi Karanga Mbezi". Mtumie ujumbe palepale, naye ajibu.

Magrupu ya biashara yana watu wengi na usikivu mdogo. Chagua mawili au matatu ambamo watu wanaulizana na kujibizana. Kwa wiki mbili za mwanzo jibu maswali ya wengine: nani anauza mifuniko, bei ya gunia la karanga Kibaigwa ikoje, ofisi fulani inafunguliwa saa ngapi. Tangazo lako likija baada ya hapo linasomwa. Anayeingia na kumwaga picha kumi siku ya kwanza watu wanamfungia sauti, na hafunguliwi tena.

Sheria inasema nini kuhusu kuhifadhi na kusambaza namba za watu?

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kwa biashara ndogo, fuata hili: namba uliyopewa kwa ajili ya oda usiitie kwenye grupu wala kumpa mwingine bila kumuuliza mwenyewe. Kwenye grupu kila mtu anaiona. Ukitaka kuwaunganisha wawili, kwanza uliza upande wa pili: "Kuna mama anasindika asali Manyoni anatafuta chupa za kioo, nimpe namba yako?"

Je, nijuane na washindani wangu?

Ndiyo, na wao ndio fungu linaloleta faida mapema kuliko yote.

Chukua chupa. Kiwanda au mwagizaji hushusha bei kwa idadi ambayo msindikaji mmoja hawezi kuibeba. Wasindikaji wanne wakikubaliana kutumia chupa ya aina moja, yenye mdomo na mfuniko wa kipimo kimoja, wananunua kwa pamoja, na kila mmoja anabandika lebo yake. Tofauti inayoonekana na mteja iko kwenye lebo na ladha. Kinachovunja mpango huu ni pesa kukusanywa kwa mtu mmoja. Kila mmoja amlipe mwuzaji moja kwa moja, apate risiti yake, na mzigo uhesabiwe siku ya kushushwa mbele ya wote. Mkubaliane mapema nani anabeba chupa zilizopasuka njiani.

Karanga ni habari nyingine. Sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu, haionekani kwa macho, na karanga zilizovunwa zikaanikwa chini au kuhifadhiwa na unyevu ndizo zenye hatari. Mwaka 2016 sumukuvu kwenye mahindi iliua watu Dodoma na Manyara, na tangu hapo wanunuzi wakubwa huulizia vipimo vya maabara. Msindikaji mwenzako anayejua mkulima au ghala lililoanika kwenye turubai na kuchambua mbegu zilizokunjamana ni mtu wa kumshika. Kupima pamoja kunapunguza gharama pia, kama kweli mmenunua shehena moja: sampuli ichukuliwe kutoka magunia mengi, juu, katikati na chini, ichanganywe, ndipo ipelekwe. Sampuli ya kiganja kutoka gunia moja inadanganya, kwa sababu sumukuvu hukaa kwa mafungu, gunia hili linayo, lile halina.

Halafu kuna oda iliyokuzidi. Ukiigawa kwa mwenzako, mambo matatu yaandikwe: nani anamiliki mteja, lebo ya nani inatumika, na bidhaa ikirudishwa nani anaipokea. Lebo yenye alama ya TBS ya kwako haibandikwi kwenye bidhaa iliyosindikwa kwingine, hata kwa mwenzako unayemwamini. Alama imetolewa kwa bidhaa yako, katika jengo lako.

Mnachokificha kila mtu kwake ni mapishi na bei maalumu alizokubaliana na wateja wake. Vingine vyote vinazungumzika.

Mwenye duka amekubali. Mbona bidhaa haitoki?

Pengine humjui anayekaa kaunta. Siagi ya karanga isiyo na viungo vya kushikanisha hutoa mafuta juu ikikaa, na mwuza duka asiyejua humwambia mteja imeharibika, au anaisukuma nyuma ya rafu. Kaa naye dakika tano, fungua chupa moja mbele yake, koroga kwa kijiko aone inavyorudi laini, umwonjeshe. Mwambie azigeuze chupa juu chini kila anapofanya usafi wa rafu. Pita tena baada ya siku kumi, uhesabu zilizobaki na uangalie tarehe. Mwuza duka unayemjua ndiye atakayekupigia zikibaki tatu. Mwenye duka atagundua zimeisha mwezi ujao.

Nikubali mali kauli, yaani duka lipokee mzigo na kulipa ukishauzwa?

Kwa kiasi unachoweza kukipoteza bila kufunga. Piga hesabu: maduka sita, kila moja chupa 24, ni chupa 144. Kwa sh. 5,000 ni sh. 720,000 zilizolala kwenye rafu za watu, na karanga za mzunguko ujao hazijanunuliwa.

Duka jipya lianze na chupa sita, kwa hati ya makabidhiano yenye idadi, bei, tarehe ya kulipana na sahihi za pande mbili. Mzigo wa pili utoke baada ya wa kwanza kulipwa, hata kama mwenye duka ni shemeji yako. Urafiki mwingi wa kibiashara huvunjika hapa, na huvunjwa na deni ambalo halikuandikwa: mmoja anakumbuka chupa kumi, mwingine nane, na wote wanasema kweli kwa kadiri wanavyokumbuka.

Maduka makubwa huwa na muda wao wa kulipa, mara nyingi wiki kadhaa baada ya kupokea ankara, na yanataka risiti ya EFD (mashine ya kodi) na msimbomilia, ile mistari ya kusomwa na mashine kwenye lebo. Uliza siku ya kwanza: mnalipa baada ya siku ngapi, na zilizopitwa na tarehe zinarudi kwa gharama ya nani?

Ofisa manunuzi anataka "cha juu". Ndio mtandao huo?

Hapana. Kumlipa dalali aliyekuletea mteja ni halali, mradi asilimia ijulikane na iandikwe. Kumlipa mwajiriwa ili aipendelee biashara yako dhidi ya mwajiri wake ni rushwa, na sheria ya mwaka 2007 ya kuzuia na kupambana na rushwa inagusa hata kampuni binafsi. Kuna na hasara ya kibiashara: siku ofisa huyo akihamishwa, mteja ameondoka naye. Jibu linaloweza kusemwa bila ugomvi ni "Bei yangu nimeshaibana, punguzo nililonalo naliandika kwenye ankara ya kampuni." Mengine huishia hapo.

Watu wa usafiri wana umuhimu gani?

Mkubwa. Bodaboda mmoja anayejua kwamba chupa hazilazwi, na mtu mmoja wa vifurushi kwenye basi la njia yako, wanakufungulia mkoa mzima. Mlipe kwa wakati, mpe namba ya mpokeaji na picha ya boksi lililofungwa, na uandike juu ya boksi namba mbili za simu. Lalamiko la "mzigo haujafika" mara nyingi ni boksi lililokaa stendi kwa sababu simu ya mpokeaji ilizimika.

Mikopo ya halmashauri na zabuni zinahitaji kikundi. Nikipate wapi?

Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Utaratibu ulisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa 2024. Upande wa zabuni, Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 inatenga asilimia 30 kwa makundi maalumu, na maombi hupitia NeST, mfumo wa ununuzi wa umma wa mtandaoni.

Kosa linalorudiwa ni kukusanya majina matano siku ya fomu. Watu hao hawajawahi kushikana kwa lolote, mkopo ukitoka wawili wanapotea, na waliobaki wanadaiwa na ofisa maendeleo yuleyule waliyemhitaji. Anza na waliokwishanunua chupa pamoja nawe mara mbili au tatu bila ugomvi. Wekeni akiba ndogo kwa miezi sita, muwe na katiba, akaunti na daftari la mahudhurio. Asiyeweza kuleta sh. 5,000 kila Jumamosi hataleta marejesho.

Naweza kujenga mtandao nje ya nchi nikiwa mdogo hivi?

Ndiyo, kwa majirani kwanza. Maonesho ya Nguvu Kazi, ambayo Wakenya huyaita Jua Kali, huzunguka nchi za Afrika Mashariki na huwapokea wajasiriamali wadogo. Kwa mzigo usiozidi dola 2,000 kuna mfumo rahisi wa biashara wa EAC (Jumuiya ya Afrika Mashariki) wenye cheti chepesi cha uasili, kwa bidhaa zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa; uulizie mpakani, kama Namanga, Holili au Sirari, kabla ya kupakia. Beba nakala ya cheti cha TBS. Mtu wa kumtafuta kwanza ni wakala wa forodha wa mpaka huo, kwani anaona kila siku ni boksi gani linarudishwa na kwa nini. Unguja na Pemba si nje ya nchi, lakini zina mamlaka zake za viwango na chakula, kwa hiyo uliza huko kabla ya boti.

Nina aibu ya kuongea na watu. Nifanyeje?

Pokea kazi inayokupa sababu ya kuongea, kama ile ya orodha ya mahudhurio, na uzungumze na mmoja mmoja badala ya ukumbini. Wanunuzi hawatafuti msemaji hodari. Wanatafuta mzigo uliofika siku iliyosemwa.

Nitenge muda gani?

Saa mbili kwa wiki zinatosha kama ni zilezile kila wiki, tuseme Jumatano baada ya kufunga: simu mbili, jumbe tatu, ahadi moja kutimizwa, daftari kujazwa. Msimu wa maonesho utazidi.

Nimenyamaza mwaka mzima. Nitawarudia watu kwa uso gani?

Usiombe kitu kwenye simu ya kwanza. Kama ulikuwa na ahadi ambayo haikutimizwa, anza nayo: ipeleke ile chupa au lipa lile deni, hata nusu, na useme lini unamaliza. Kama hakukuwa na deni, peleka habari inayomfaa yeye: maonesho yanayofungua maombi, bei mpya ya mifuniko, mteja anayetafuta anachokiuza. Anza na watano waliowahi kukulipa kwa wakati. Wasiopokea simu mara mbili waandikie ujumbe mmoja, kisha uhamie kwa jina linalofuata.